Binti yangu amenichora nikiwa usingizini, na michoro inakwenda kusahihishwa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, Mombasa, na huu ni mwaka wa kumi na moja tangu tuhamie Columbus, Ohio. Nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu ya usiku: naingia saa tano, natoka saa moja asubuhi. Mume wangu ni dereva wa lori, siku tano kwa wiki yuko barabarani. Tumejaliwa watoto watatu. Anayenifanya nikuandikie ni wa kwanza, msichana wa miaka 17, yuko darasa la 12, mwaka wa mwisho wa sekondari huku.

Shule ilipofungua mwezi wa nane alipanga masomo yake na mshauri wa shule. Kemia, hesabu, Kiingereza, na hili linaloitwa AP Drawing. Nilitia sahihi bila kuuliza mengi, kwa sababu nilishaambiwa kuwa masomo ya AP ni ya kiwango cha chuo na mtoto akifanya vizuri yanamsaidia mbele. Novemba tukalipa ada, karibu dola 100. Mimi nikajua tunalipia mtihani. Juzi ndiyo nimefahamu kwamba hakuna mtihani wa kukaa na kuandika. Mtoto anapeleka michoro.

Nilivyofahamu ni hivi. Wiki mbili zilizopita nilichukua tableti ya nyumbani nimpigie mama yangu Mombasa. Nikakuta picha zangu, zaidi ya sitini, nimelala. Nimelala mchana, baada ya kazi, sare bado mwilini. Kichwa wazi, mdomo wazi. Nyingine ni miguu yangu tu, imevimba, alama ya soksi imebaki kwenye ngozi. Nikaingia chumbani kwake, nikavuta lile jalada kubwa lililo chini ya kitanda, nikakuta michoro minane. Yote ni mimi, ni chumba changu na lile dirisha ambalo nimelizibia leso ili jua lisiniamshe. Nyuma ya mmoja ameandika kwa Kiingereza maneno ambayo ni kama hivi: "Mwanga wa mchana unafanya nini ndani ya chumba cha mtu anayefanya kazi usiku?"

Shangazi, niliumia. Tangu nifike nchi hii ya watu nimejisitiri. Kwenye simu nyumbani sisemi kazi yangu ikoje, nasema niko hospitali. Leo mwanangu ananianika mbele ya watu nisiowajua, wanaume kwa wanawake, nywele nje. Nilipomkabili alilia, akasema, "Mama, hii ndiyo mada yangu, siwezi kubadilisha sasa." Tangu siku hiyo tunasalimiana tu.

Baba yake hana neno na michoro yenyewe, ila tangu mwanzo hakulipenda somo hili. Anataka aliache muhula huu mpya unapoanza, wiki ijayo, aingie kozi ya usaidizi wa wauguzi, ili akimaliza shule awe na kazi mkononi. Anasema kuchora hakulipi kodi ya nyumba. Mwalimu wa sanaa naye ameomba kuniona Alhamisi. Sijui nimwambie nini. Je, hili ni somo la kweli au ni mchezo? Nina haki ya kuzuia michoro hii? Au nimuunge mkono baba yake yaishe?

Mama wa zamu ya usiku

*

Marahaba, mdogo wangu. Pole na kazi, na pole na hilo lililokukuta kwenye tableti.

Kabla ya kuandika safu hii nilifundisha sanaa kwenye shule za sekondari huku Marekani miaka tisa, na kwa miaka sita kati ya hiyo darasa la AP lilikuwa langu. Kwa hiyo barua yako nimeisoma kwa macho mawili, la mama na la mwalimu, na nikiri kwamba yalivutana.

La mama litangulie. Binti yako amekosa. Mtu aliyelala hawezi kusema ndiyo wala hapana, na yeye amekupiga picha zaidi ya sitini bila hata mara moja kukuambia asubuhi, "Mama, nikuchore?" Pengine aliogopa utakataa. Pengine kwake ulikuwa sehemu ya nyumba, kama dirisha na kitanda, maana watoto hutuona hivyo mpaka siku tunapougua. Vyovyote iwavyo, mwambie kosa hilo kwa jina lake: hukuniomba. Usilichanganye na mengine. Usimwambie kwamba michoro ni mibaya, wala kwamba anachora upuuzi, wala kwamba baba yake alisema kweli. Ukichanganya, atasikia kwamba unaichukia kazi yake, na lile la kuombwa ruhusa litapotea hapohapo.

Sasa somo lenyewe. Si mchezo. Masomo ya AP yanasimamiwa na College Board, shirika la mitihani la huku Marekani, na upande wa sanaa yako matatu: uchoraji, usanifu wa picha bapa, na kazi za umbo kama uchongaji na ufinyanzi. Zamani yaliitwa AP Studio Art. Mpangilio na jina vilibadilishwa mwaka wa masomo wa 2019 hadi 2020. Ni kweli hakuna mtihani wa kukaa. Mwanafunzi anapeleka mkusanyiko wa kazi zake kwa mtandao mwanzoni mwa Mei, na wasahihishaji, ambao ni walimu wa sanaa wa sekondari na wahadhiri wa vyuo, wanampa alama kuanzia 1 hadi 5. Matokeo hutoka Julai.

Mkusanyiko huo una sehemu mbili. Moja ni kazi 5 bora, nayo inabeba asilimia 40. Nyingine, yenye asilimia 60, ndiyo inayowatoa watoto jasho: picha 15 zinazofuata swali moja. Mwanafunzi anajiuliza jambo, analichora, anagundua hakulipata, anabadilisha karatasi au wino au pembe ya kutazamia, anachora tena. Michoro ya majaribio na hatua za kazi zinaweza kuhesabiwa humo, maana wasahihishaji wanataka kuona mtu akitafuta. Kisha anaeleza swali lake na jinsi alivyolifuata, kwa maandishi mafupi mno: herufi 600 kwa kila jibu, nafasi kati ya maneno nazo zikihesabiwa. Nimeona vijana wanaoandika insha za kurasa kumi wakikaa na zile herufi 600 wiki nzima.

Wanaoshindwa somo hili mara nyingi ni wenye mkono mzuri. Mtoto anaweza kukuchorea jicho ukadhani litapepesa, lakini ukimuuliza "unatafuta nini?" anakutazama. Septemba anachagua mada kubwa: uhuru, amani, mitandao. Ikifika Januari ana michoro minne isiyojuana, na Februari anaanza kuchora maua ili tu atimize 15. Nilikuwa nawaambia darasani kila mwaka, leteni swali ambalo jibu lake liko ndani ya nyumba yenu. Wachache walilileta.

Wako amelileta. Soma tena yale maneno aliyoyaandika nyuma ya mchoro. Umeniandikia kwamba amekuchora wewe na miguu yako, na umeona aibu, na nakuelewa. Lakini swali lake linauliza mwanga unafanya nini. Kwa watu wengine mwanga wa mchana ni neema. Kwako ni kitu cha kuzibia kwa leso. Mtoto huyo amerudi kutoka shule mara ngapi, akatembea kwa vidole asikuamshe, akawanyamazisha wadogo zake? Ameishi na hilo swali tangu mdogo. Na kulichora si rahisi hata kidogo: chumba cheusi, jua linapenya kwenye nyuzi za kitambaa, rangi za leso zinamwagika ukutani na juu ya shuka, naye ana mkaa wa kuchorea na karatasi tu. Mwanafunzi wa chuo angehangaika.

Ngoja nikusimulie. Mwaka 1514, mwezi wa tatu, mchoraji Mjerumani aitwaye Albrecht Dürer alimchora mama yake kwa mkaa. Mama aliitwa Barbara, alikuwa na miaka 63, na alikuwa amezaa watoto 18, wengi wao wakazikwa wadogo. Amejitanda kitambaa kichwani. Shingo imekonda mpaka mishipa imesimama, paji la uso limejaa makunyanzi, macho yametoka. Hakumpunguzia hata mstari mmoja. Miezi miwili baadaye mama akafa, na mwanawe akaichukua karatasi ileile, akaandika juu yake kwa wino kwamba amekufa. Karatasi hiyo iko Berlin mpaka leo. Nimewaonyesha wanafunzi wangu picha yake kila mwaka, na hakuna mwaka ambao darasa halikunyamaza. Sijamsikia mtu akisema Dürer alimwaibisha mama yake.

Sikwambii haya ili ukubali kila kitu. Nywele zako ni zako. Kama hukubali zionekane, hazionekani, na hilo halina mjadala wala halihitaji ruhusa ya mwalimu. Zuri ni kwamba kazi hii ni ya kuchora, na kilichochorwa kinaweza kuchorwa tena. Leso ikapandishwa kichwani, uso ukageuzwa ukutani, mdomo ukafichwa na mkono. Kubadilisha na kurudia ndiyo kazi yenyewe inayopewa alama, kwa hiyo hatapoteza kitu. Anaweza hata kueleza kwamba aliyechorwa alimwomba abadilishe, naye akatafuta njia ya kumsitiri bila kuizima picha. Mimi ningelisoma hilo kwa heshima.

Ujue pia wanaotazama ni nani. Maelekezo yanamtaka mwanafunzi asiweke jina lake wala la shule kwenye kazi, kwa hiyo msahihishaji haoni jina la mtu, na lako hana namna ya kulijua. Kinachohitaji kuangaliwa zaidi ni hapo shuleni kwenu. Shule nyingi hutundika kazi za darasa la AP kwenye maonyesho ya mwisho wa mwaka, wazazi wakaalikwa, picha zikawekwa mtandaoni. Hilo ndilo la kumuuliza mwalimu Alhamisi, moja kwa moja: zitatundikwa? Wapi? Nani atapiga picha? Mwambie kwamba hakuna mchoro unaokuonyesha utakaotundikwa kabla hujauona. Mwalimu mwema atakubali bila kusita. Kama Kiingereza chako kinakutatiza kwenye mambo haya, omba mkalimani mapema, shule za umma zina wajibu wa kukupatia, na tafadhali usimtumie binti yako kukutafsiria siku hiyo.

Picha za kwenye tableti ni jambo jingine tena. Mchoro umepitia mkono wa mwanao. Picha ya simu ni wewe mwenyewe, nywele na yote. Kaeni pamoja mzifute, zibaki zile unazoziruhusu kwa ajili ya kumalizia kazi, zikikwisha kazi nazo zifutwe. Na kama kuna ndugu au rafiki atakayemshauri azitie kwenye programu ya akili mnemba imtolee mchoro, akatae. College Board wamekataza akili mnemba katika hatua yoyote ya kuandaa kazi hizi.

Nije kwa baba. Simlaumu. Mtu anayelala kwenye lori siku tano ili watoto wake wasilale na njaa ana haki ya kuuliza mkaa na karatasi vitaleta nini mezani. Lakini hesabu yake ya wiki ijayo haikai sawa. Kozi ya usaidizi wa wauguzi unaijua kuliko mimi, maana umeipitia: kiwango cha chini kilichowekwa na serikali kuu ni saa 75. Binti anaweza kuifanya Juni, shule ikishafungwa, na Agosti akawa na cheti. Mkusanyiko wa AP hauna Juni. Akiliacha somo sasa, michoro minane na nusu mwaka vinakwenda bure, ada nayo imeshalipwa. Na kama ameshaomba vyuo, vimeona somo hilo kwenye fomu yake. Vyuo vingi hutaka kujulishwa mwanafunzi wa darasa la 12 anapobadilisha masomo, na kuacha somo la AP katikati ya mwaka si habari nzuri kuituma.

Kemia anayo, hesabu anayo. Mlango wa uuguzi haujafungwa na mkaa. Kinyume chake, akipata 3 au zaidi kuna vyuo vitakavyomhesabia kama somo la chuo lililokwisha, na vyuo vingi huku humtaka hata mwanafunzi wa uuguzi asome kitu kidogo cha sanaa au utamaduni kabla ya kuhitimu. Msiende kwa kudhani, kwani kila chuo kina kanuni zake na vipo vya sanaa ambavyo havimrukishi mtu darasa hata akipata 5. Andikeni majina ya vyuo alivyoomba, mfungue kurasa zao za alama za AP, msome wote wawili. Na mwambie baba kuna kazi iitwayo uchoraji wa kitabibu, ya kuchora viungo na upasuaji kwa ajili ya vitabu na madaktari. Pale Baltimore, chuo cha Johns Hopkins kina idara yake tangu 1911. Nafasi ni chache na masomo ni marefu, simuahidi mtu, ila alijue.

Halafu mweleze habari za Sam Ntiro. Mchagga wa Machame, alizaliwa 1923, akasoma sanaa Makerere na baadaye London. Alichora watu wa kwao wakilima na kubeba vitu vyao migombani, kazi za kila siku tu. Mchoro wake wa wanaume wanaobeba pombe ya ndizi usiku kumpelekea bibi harusi uko kwenye jumba la sanaa za kisasa la New York. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ikatafuta mtu wa kuiwakilisha London, ikamtuma huyo mchoraji. Baba akisema kuchora ni kazi ya wasio na kazi, mtajieni balozi.

Lililobaki ni lako na binti, na hilo ndilo linanikosesha raha. Umesema kwenye simu nyumbani husemi kazi yako ikoje. Sikuulizi kwa nini, ninajua. Nami kwa mwaka mzima nilimwambia mama yangu Tanga kwamba nafundisha, wakati nilikuwa nafagia shule hiyohiyo. Lakini mtoto wako anaijua kazi yako. Ameziona soksi na alama zake, na hakuona aibu. Ameona kitu cha kuchora mara kumi na tano. Ukitazama kilichokuumiza, sehemu moja ni yeye kutokukuomba, na hiyo akutake radhi. Sehemu nyingine ni kwamba amekiona ulichokificha. Hiyo mzungumze polepole, na usimdai msamaha kwayo.

Fanya hivi kabla ya Alhamisi. Siku unayopumzika, ukiwa umelala usingizi wa kutosha, mwite chumbani kwako aje na lile jalada. Mmoja baada ya mwingine akueleze alikuwa anatafuta nini, wewe umwambie huu upite, huu ubadilishwe, huu usitoke. Atanuna kwa mmoja au wawili. Mwache anune.

Kisha mwambie unataka akuchore ukiwa macho. Keti kitini karibu na dirisha, umejitanda unavyopenda wewe, na leso ziache palepale zilipo, jua lipite katikati yake. Kama leso hizo zinatazama nje, atalazimika kuandika jina la leso, yale maneno yaliyochapwa juu yake, kinyume, herufi kwa herufi, na atachukua muda mrefu. Usiende kupika. Kaa.